Habari mbaya humfikia tajiri mwisho

Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, tulio ughaibuni tuna maneno mawili tunayoyarudia kila tukizungumzia biashara za nyumbani: kwamba wafanyakazi wa kule hawasemi ukweli, na kwamba huku Uingereza kazi zinakwenda kwa sababu watu wanaambiana waziwazi. La kwanza ni tuhuma isiyo ya haki. La pili si sahihi. Nyumba ya wageni yenye wafanyakazi 7 pale mtaa wa Mkomani, Amu, na mkahawa wenye wafanyakazi 7 huku mjini Leicester zinaugua ugonjwa mmoja, nao ni kwamba mwenye biashara, tajiri kama tumwitavyo, ndiye wa mwisho kujua kilichoharibika. Mkahawa wa Leicester umejiwekea tu taratibu chache zinazoitembeza habari hata pale watu wanapooneana haya au wanapoogopana.

Tuanze na mtungi wa gesi wa kilo 13. Msaidizi wa mpishi anausogeza Ijumaa asubuhi, anahisi umekuwa mwepesi. Hasemi. Adhuhuri maduka yanafungwa kwa ajili ya sala. Jioni wageni 10 wanangoja wali wa nazi na mchuzi wa kamba, na moto unazimika. Tajiri anafoka: kwa nini hukusema? Jibu lipo, ila hakuna atakayempa. Aliyesema mara iliyopita aliulizwa mbele ya wenzake gesi imekwishaje upesi hivyo, kwa sauti anayoulizwa mwizi. Wote waliosikia walipata somo siku ile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiongozi ni dakika moja tu: ile dakika anapoletewa habari mbaya. Kwanza amshukuru aliyeileta, kwa maneno, na wengine wasikie. Pili aulize, "Sasa tunahitaji nini?" Swali la sababu lingoje mpaka wageni wamekula, na liulizwe kuhusu kazi ilivyokwenda kabla ya kuulizwa kuhusu mtu. Tajiri akivunja utaratibu huu mara moja tu, atahitaji miezi kuurudisha.

Kazi ya pili ni kupunguza mambo yanayohitaji ujasiri kusemwa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Weka mizani jikoni, pima kila asubuhi, toa uzito wa mtungi, andika kilo zilizobaki kwa chaki ukutani, na kubalianeni kwamba zikibaki kilo 3 anayepima anaagiza mwingine bila kuomba ruhusa. Mizani haina haya wala haishukiwi wizi. Vivyo hivyo kwa tangi la maji: mstari wa rangi kwenye ubavu wa tangi, na pampu inawashwa maji yakishuka chini yake.

Wanaodhani kumwogopa mkubwa ni tabia yetu sisi Waafrika au Waswahili wakumbuke ajali ya ndege ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, tarehe 27 Machi 1977. Ndege mbili aina ya Boeing 747, ya KLM ya Uholanzi na ya Pan Am ya Marekani, ziligongana katika ukungu kwenye njia ya kurukia, wakafa watu 583. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu mwenye cheo kikubwa na heshima kubwa katika kampuni yake. Alianza kuruka bila kibali. Mhandisi wa ndege, nyuma yake, aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, na mhandisi hakurudia swali. Rubani na mhandisi wote walikuwa Waholanzi, watu wanaosifiwa kwa kusema bila kuzunguka. Baada ya ajali kama ile, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wadogo namna ya kumpinga mkubwa na wakubwa namna ya kusikiliza. United Airlines walikuwa na mafunzo hayo mwaka 1981. Ukweli kwa mkubwa unafundishwa, na kwao haukuja kwa kuzaliwa.

Jambo jingine lililokazwa ni kurudia agizo. Mnara wa kuongozea ndege ukitoa kibali, rubani anakirudia kwa sauti, na mnara unathibitisha. Majiko mazuri ya Uingereza yanafanya hivyo hivyo: mpishi mkuu anaita "meza ya 4, nguru wawili, mmoja bila pilipili", na aliye kwenye jiko anajibu "nguru wawili, mmoja bila pilipili". Asipojibu, agizo linahesabiwa halijatolewa. Hapo ndipo ninapowashangaa wenzangu wanaosema utaratibu huu hauwezekani kwetu. Kwenye jahazi ndio uliopo. Nahodha akisema legeza demani, yaani kamba ya tanga, aliyeishika hamjibu "inshallah". Anajibu kwa sauti na kamba inalegea, kwa sababu akinyamaza chombo kinaweza kulala. Baharia huyo huyo akishuka nchi kavu na kuajiriwa hotelini, akiambiwa alete kilo 4 za changu kabla ya saa 5, anaitikia "haya" na kuondoka, na hakuna anayemtaka arudie.

Inshallah ni neno la imani na lina mahali pake. Linapotumika kumtoroka tajiri linadhulumiwa. Dawa yake si kumkemea mtu asilitamke. Muulize swali linalofuata: "Inshallah. Utaanzia wapi, na ukikwama utanipigia saa ngapi?" Mwenye nia atakuwa na jibu. Asiye nayo atapata nafasi ya kusema "kusema kweli leo siwezi", na akishasema hivyo saa 3 asubuhi bado mna muda wa kumtuma mwingine.

Saa zenyewe ni mtego. Mgeni anataka boti ya kumvusha kwenda kiwanja cha ndege cha Manda saa "nane" ya hesabu ya Kizungu. Mpokezi anaandika 8. Nahodha anasoma saa 8, yaani saa 8 mchana, na mgeni anakosa ndege. Andika zote mbili kila mara: 08:00, saa 2 asubuhi. Usiku nao una mtego wake. Kwa wazee wetu, "usiku wa Ijumaa" ni ule unaokuchea Ijumaa, ambao ofisi huuita Alhamisi usiku. Mpishi mtu mzima ataandaa karamu siku moja kabla na atakuwa sahihi kwa lugha yake. Andika "Alhamisi kuamkia Ijumaa" pamoja na tarehe. Na kwa safari za baharini, nahodha aulizwe kwanza, mgeni aahidiwe baadaye. Siyu, kwenye kisiwa cha Pate, hufikiwa kwa boti maji yakiwa yamejaa, na mpokezi aliyeahidi saa bila kujua maji yatakuwa wapi amemfanya nahodha aonekane mwongo.

Kuhusu WhatsApp nitasema machache. Ujumbe wa sauti wa dakika 3 wenye salamu, dua, habari za nyumbani na "kamba kilo 2" katikati si agizo. Sauti ni ya salamu. Idadi, saa na jina la anayehusika viandikwe. Alama mbili za buluu zinaonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa, basi. Jibu linalokubalika ni kurudia idadi.

Kitu ambacho ningekivusha bahari kesho kama ningeweza ni kikao cha dakika 10 kabla ya zamu. Huku kinafanywa kwa kusimama, kwa sababu watu wakikaa kinageuka mkutano. Kinabeba mambo manne: wageni wangapi na saa ngapi; nani hali chakula gani; kitu gani kimekwisha au kimeharibika; nani yuko wapi. Hilo la pili Waingereza hawalichukulii mzaha. Sheria yao inataja vyakula 14 vyenye kudhuru baadhi ya watu, vikiwemo karanga, ufuta, korosho, maziwa, mayai, samaki na kamba. Nazi haimo, kwa hiyo mgeni wao anaweza asiitaje akidhani haitumiki. Muulize mwenyewe, maana kwetu imo karibu kila chungu. Kikao kifungwe kwa swali moja kwa kila mtu, kuanzia mdogo: "Leo nini kinaweza kutuharibikia?" Ukianza na mkubwa, waliobaki watamuunga mkono tu. Wiki ya kwanza wote watasema "hakuna". Usikate tamaa, uliza tena kesho, na siku mmoja atakapotaja bomba linalovuja, lirekebishwe siku hiyo hiyo mbele ya macho yao.

Kinachoharibu kikao hiki ni tajiri kukigeuza khutba ya nusu saa, au kuleta fomu ya safu 12 kutoka hoteli kubwa. Fomu ndefu hujazwa yote mwisho wa zamu kwa kalamu moja na mkono mmoja, na haina habari yoyote ndani yake.

Katika kukosoana ndipo nisipotaka tuige huku kwa upofu. Kwanza, Mwingereza si msema wazi kama tunavyodhani. Akikwambia wazo lako "linavutia", mara nyingi amelikataa. Wameneja wengi wamefundishwa kuweka lawama katikati ya sifa mbili, na mfanyakazi anaondoka na sifa tu. Sisi wa Amu, tuliozaliwa kwenye mafumbo, tunalitambua fumbo hilo kwa mbali. Pili, meneja wa miaka 26 hawezi kumwita ofisini mpishi aliye rika la mama yake na kumsomea makosa. Ataamkia kwanza, naye atamaanisha. Kisha aseme jambo moja lenye namba: "Mama, jana chakula cha meza ya watu 6 kilitoka baada ya dakika 50. Kilikwama wapi?" Halafu anyamaze, asijijibu. Mara nyingi kosa litakuwa samaki waliofika wangali na magamba, au oda iliyoletwa kwa mafungu, na mpishi ndiye pekee aliyelijua.

Mahali pa mazungumzo nako kuna adabu yake. Huku kikao cha watu wawili hufanywa chumbani mlango umefungwa. Kwetu meneja mwanamume na mhudumu wa kike wakijifungia, mtaa mzima utakuwa na la kusema, na dada yule ndiye atakayelipa. Kaeni dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, au juu kwenye sutuha, yaani paa bapa la nyumba, mahali mnapoonekana na hamsikiki. Dakika 15 kila wiki mbili kwa kila mtu zinatosha. Maswali matatu: nini kinakwenda vizuri, nini kinakuchosha, mimi nifanye nini tofauti. La tatu ndilo litakalokuuma.

Fumbo linapaswa kukoma panapofika suala la kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na amsikilize kabla ya kuamua. Kumtumia mtu salamu kwa shemeji yake kwamba "asije tena" ni kuvunja sheria na ni kumvunjia mtu heshima.

Bakshishi huvunja timu kuliko mshahara mdogo. Anayebeba mkoba wa mgeni hadi gatini anapewa noti. Aliyekwangua sufuria hapati kitu. Uingereza waliona udhia huo wakaleta sheria iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024: bakshishi inayopita mikononi mwa mwajiri iwafikie wafanyakazi yote, kwa utaratibu ulioandikwa, na kumbukumbu zitunzwe miaka 3. Kwetu fanyeni hivi: sanduku moja lenye kufuli, watu wawili wa idara tofauti wanahesabu kila Jumamosi, fedha zinagawanywa kwa saa za kazi. Zikipatikana shilingi 12,000 na saa zote za timu ni 300, kila saa ni shilingi 40, na aliyefanya saa 48 anapata 1,920. Hesabu yote ibandikwe ukutani. Tajiri asichukue hata shilingi, na asilitumie sanduku kufidia sahani zilizovunjika.

Lakini yapo ambayo Uingereza haina na haiwezi kuyanunua. Mfanyakazi akifiwa, huku anapewa siku chache na kadi yenye saini za wenzake. Amu timu nzima inakwenda kuzika, mara nyingi siku ile ile, na tajiri yumo safuni. Mtu aliyeshikwa mkono siku hiyo atakuja kukuamsha usiku tangi likipasuka, wala hatauliza malipo ya ziada. Gharama yake ni kwamba katika mji mdogo kifo kimoja kinaondoa watu 3 kati ya 7 kwa pamoja. Weka orodha ya vibarua 4 waliokwisha kufanya kazi kwako angalau siku 2, pamoja na namba zao, na kila kazi iwe na mtu wa pili anayeijua. Usingoje msiba ndipo umfundishe mtu kuwasha pampu.

La mwisho ni msimu. Upepo wa kusi ukiingia na mvua, wageni wanapungua na baadhi ya hoteli hufunga karibu Mei na Juni. Kila mwaka wafanyakazi huanza kusikia gatini kwamba watapunguzwa kabla hawajasikia kwa tajiri, na wazuri huondoka kwanza kwa kuwa ndio wenye pa kwenda. Sheria ya Ajira ya Kenya inataka taarifa ya maandishi ya angalau mwezi mmoja kwa anayeachishwa kwa kupungua kwa kazi, na kwa afisa wa kazi. Nasi tuwaambie mapema kuliko hapo. Mwisho wa Februari, wote wakiwa pamoja, taja tarehe ya kufunga, nani anabaki kwa matengenezo, kila mtu atalipwa nini, na tarehe ya kurudi. Kama tarehe ya kurudi bado haijulikani, taja siku utakayowaambia, kisha siku hiyo uwapigie simu hata kama huna jipya.