Mshale wa Geji Utanizeesha

Jamani mimi na huu mshale wa temperecha kwenye dashibodi hatuelewani, ungekuwa mtu tungeshapelekana kwa wazee zamani. Gari yenyewe ya kizamani, inavuja inapovuja na sisemi kitu maana hata goti langu linalia nikipanda ngazi, ila mshale ndio unaninyima raha. Unakaa katikati vizuriii, ukiona tu foleni na nyuma lori linapiga honi, huo unaanza kupanda kuelekea H taratibu kama mjusi ukutani.

Nasimama pembeni, nafungua boneti, naruka nyuma nikisubiri mvuke. Hakuna mvuke. Nasogeza kiganja karibu na rejeta, joto la kawaida, hozi hazijavimba, maji kwenye kikopo yapo pale pale. Narudi ndani, mshale uko kwenye nyekundu unanitazama.

Fundi wa kwanza hata geji hakuiangalia, akasema thamostati, akaitoa akaitupa, eti mzee hiki kidude hakina kazi. Hakina kazi! Kidude kinabana maji mpaka yafike nyuzi 80 na ushee ndipo kifungue, bila hicho injini inachelewa kupata moto na hita inapuliza hewa ya uvuguvugu tu. Fundi wa pili akaunga feni dairekti, nikigusa swichi gari inanguruma kama helikopta, majirani wanajua saa ninayotoka. Mshale unapanda. Wa tatu akashusha rejeta akaizibua, akabadilisha mfuniko, kisha akachomoa kijiti cha oili akakinusa, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, "gasketi ya silinda hedi hii". Oili nyeusi safi, haina weupe wa maziwa wa kuchanganyika na maji, rejeta haina mapovu, moshi mweupe hakuna, gasketi gani hiyo ndugu yangu? Nikalipa nikaondoka. Mshale? Unapanda.

Sasa akatokea mzee mmoja mtu wa umeme wa magari, hakushika hata spana. Akaniuliza, "Geji ya mafuta inasemaje?" Nikamjibu kwa furaha, mzee hiyo haina shida kabisa, tena siku hizi gari imeacha kula mafuta, naweka kidogo inaonyesha nusu tenki. Akanitazama muda mrefu. "Na hiyo hukuja kuilalamikia?"

Kumbe magari mengi ya zamani nyuma ya dashibodi kuna kidubwana kidogo kama kiberiti, stabilaiza, ndicho kinazipa geji zote mbili umeme mdogo wa kipimo, nyingine volti 10 hivi, wakati injini ikiwaka alternata inasukuma kama 14. Athi yake, pale kinapofungwa kwenye bodi ya gari, ikishika kutu kinaachia umeme wote, mishale inapanda yote miwili kama imeahidiana. Yule mzee akafungua skrubu moja, akakwangua kutu kwa msasa, akaifunga. Basi! Miezi yote ile, skrubu. Mshale wa temperecha ukatulia katikati, na ule wa mafuta ukashuka, ukashuka, ukalala kwenye E, nikabaki nimekaa hapo hapo gereji sina mafuta ya kutokea getini.

Nikadhani yameisha. Juzi niko njiani mshale ukaanguka ghafla mpaka C, nikaupigia makofi, kumbe leo umeamua kunipenda. Ila mbona hita inapuliza baridi, mbona injini inagonga kama mtu anadai kodi, na hii harufu tamu tamu ya kulanti inatoka wapi? Hozi ya chini imepasuka, maji yote nimeyaacha barabarani, na sensa ya geji isipozama kwenye maji haina cha kupima, inasema tu baridi huku hedi inaungua.

Nimesimama kwenye wingu la mvuke, kijana mpita njia anakuja mbio na tambara anataka kufungua mfuniko wa rejeta, nikamfokea aache, presha iliyobaki humo itamchubua uso. Akarudi nyuma, akakohoa. "Kwani mzee, imechemsha?"

Nikachungulia dashibodi.

"Hapana, inasema baridi."