Simu ndani ya helmeti

Asubuhi moja nilipanda bodaboda kutoka Isevya kwenda stendi ya Tabora. Simu ya dereva ikaita. Akaichomeka ndani ya helmeti, kati ya sponji na shavu, akaendelea kuongea huku mikono yote miwili iko kwenye usukani. Nilipoguna akanijibu, "Kaka, sijashika simu mimi."

Hoja yake si ya kuchekwa. Adhabu za simu barabarani sehemu nyingi duniani zimeulenga mkono, kwa sababu mkono ndio trafiki anaouona. Uingereza ilipiga marufuku kushika simu ukiendesha tangu Desemba 2003, na ikawa inakaza kidogo kidogo. Tangu 2017 faini ni pauni 200, zaidi ya laki sita za kwetu, pamoja na pointi 6 kwenye leseni. Mwenye leseni isiyofikisha miaka miwili, pointi hizo zinatosha kumnyang'anya. Hata hivyo mwaka 2019 Mahakama Kuu huko ilikubali kuachiwa kwa dereva aliyekuwa akirekodi ajali kwa simu, kwa kuwa sheria ilizungumzia mawasiliano na yeye hakuwa akiwasiliana na mtu. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 2022 ili hata kupiga picha au kutafuta wimbo kuwe kosa. Kumbe ujanja wa helmeti una ndugu zake hadi London.

Wanaotaka adhabu kali wana hesabu upande wao. Ukiwa kwenye mwendo wa 80 kwa saa, sekunde tatu za kusoma meseji ni mita 66, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Barabara ya kwenda Urambo na Kaliua ina ng'ombe wanaovuka bila taarifa na baiskeli zilizobeba mkaa. Mita 66 pale ni nyingi mno.

Ila utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 1997 uliona kwamba anayeongea na simu ana hatari ya kugonga mara nne zaidi, na wenye simu zisizoshikwa mkononi hawakuonekana kuwa salama zaidi. Shida iko kichwani. Hapo yule dereva wangu anakosa utetezi, lakini na sheria inayohesabu vidole tu inapungukiwa.

Upande wa pili una njaa. Kwa bodaboda simu ni ofisi: mteja akipiga mara mbili bila kujibiwa, anampigia mwingine, na jioni mwenye pikipiki anataka hesabu yake kamili. Serikali yenyewe ililiona hilo, ndiyo maana bajeti ya 2021/22 ilishusha faini za bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Kuipandisha tena kwa ajili ya simu, mimi siafiki. Faini ikinona, na mazungumzo ya pembeni yananona.

Kinachonishawishi zaidi ni pointi za leseni, hasa kwa madereva wa mabasi na malori ya Kigoma. Faini ya elfu thelathini inaweza kulipwa na tajiri mwenye gari. Leseni haina wa kukulipia. Lakini hata pointi hazitamtisha mtu asiyekamatwa. Trafiki wetu husimama palepale kila siku, na madereva huwashiana taa kupeana habari. Dereva akifika kwa trafiki, simu iko mapajani, uso wa kanisani. Elfu kumi inayotozwa kila mara, mahali usipopategemea, naona ingefanya kazi kuliko laki sita za kwenye karatasi.

Kuna mmoja haguswi kabisa na adhabu hizi: anayepiga. Pale stendi nililipa nauli na kuomba namba ya yule kijana. Jioni nikampigia aje anichukue. Akapokea mlio wa kwanza, na nyuma ya sauti yake nikasikia upepo.