Mhariri wa Marion Aliyeingia Ikulu

Mwaka 1884, kijana Warren G. Harding, ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini, aliungana na wenzake wawili kununua Marion Star, gazeti lililokuwa hoi katika mji mdogo wa Marion, jimbo la Ohio. Walilipa dola 300 na kubeba madeni yake. Wenzake walijitoa, yeye akang'ang'ana. Juni 1923, akiwa rais wa Marekani, alikubali kuliuza kwa dola 550,000.

Kibiashara hakuna cha kubishania. Kinachobishaniwa mpaka leo ni kama uhariri ule ulimwandaa kuongoza nchi au ulimlemaza. Wanahistoria wengi humweka mkiani mwa orodha ya marais wa Marekani. Nadhani hukumu hiyo ni nzito kupita kiasi, ingawa nakubali kosa lake kubwa lilikuwa kubwa kweli.

Harding aliwawekea waandishi wake kanuni ambazo hata leo zingefaa kubandikwa ukutani: kila jambo lina pande mbili, zitafute zote, usimwaibishe mtu asiye na hatia, ukiandika kosa la mtu, usiwaburute jamaa zake, usimuumize mtu bila sababu. Mkewe, Florence, ndiye aliyesimamia usambazaji na kuwapanga watoto wa kuuza gazeti mitaani. Mji ukaliamini gazeti, na mwenye gazeti akajulikana. Akawa seneta wa jimbo, kisha naibu gavana, akashindwa ugavana mwaka 1910, akaingia Seneti ya taifa kwa uchaguzi wa 1914. Mwaka 1920 aligombea urais akihutubia umati kutoka kibarazani kwake, pale pale Marion, na akashinda kwa takriban asilimia 60 ya kura. Mpinzani wake aliyeshindwa, James M. Cox, naye alikuwa mwenye gazeti wa Ohio.

Lawama ya kwanza ni hii: kwa zaidi ya miaka ishirini Harding alikuwa mwanasiasa huku akimiliki gazeti. Hata kanuni ziwe safi namna gani, ni mwandishi yupi wa Star angechunguza mwenendo wa tajiri wake? Hapo sioni utetezi wa kutosha.

Lawama ya pili ndiyo inayouma zaidi. Charles Forbes, rafiki aliyempa ofisi ya kuhudumia askari waliorudi vitani, alituhumiwa kuuza vifaa vya hospitali za wagonjwa hao kwa bei ya kutupa. Harding alipopata habari mwanzoni mwa 1923, hakumpeleka mbele ya sheria. Alimwacha aende Ulaya, na barua ya kujiuzulu ikafuata. Hivyo ndivyo mhariri wa mji mdogo anavyoizima habari ya rafiki ili familia isiaibike. Mjini Marion huenda huo ulikuwa uungwana. Ikulu, waliodhulumiwa walikuwa askari walemavu, na wao hawakuwa na rafiki mezani. Forbes alifungwa baadaye, Harding akiwa tayari kaburini. Waziri wake Albert Fall naye alifungwa mwaka 1931, kwa hongo iliyohusu visima vya mafuta vya serikali.

Lakini moyo ule ule ndio uliomfungulia Eugene Debs. Msoshalisti huyu alihukumiwa miaka kumi kwa hotuba ya kupinga vita aliyoitoa mwaka 1918, na Rais Woodrow Wilson alikataa katakata kumwachia. Harding alimpunguzia adhabu, akatoka gerezani siku ya Krismasi 1921, kisha akamkaribisha Ikulu. Oktoba mwaka huo huo alikuwa amesimama Birmingham, Alabama, akawaambia Wazungu wa Kusini ana kwa ana kwamba Mweusi anayestahili kupiga kura apige. Hakutetea usawa wa kijamii, na hilo lazima lisemwe. Hata hivyo, anayedai kwamba alijali kupendwa tu na aisome siku ile.

Inasimuliwa na William Allen White, mhariri wa Emporia Gazette huko Kansas, kwamba Harding alimlalamikia kuwa maadui hawamsumbui. Wanaomnyima usingizi ni marafiki. White mwenyewe anastahili kuwekwa kwenye mizani hii. Naye alikuwa mhariri wa mji mdogo, na yeye na Harding walikuwa chama kimoja. Mwaka 1924, alipoona wagombea wa vyama vikubwa hawataki kuikemea waziwazi Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, aligombea ugavana bila chama. Alizunguka jimbo akiitaja Klan kwa jina, mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa wanachama wa kundi hilo na wasomaji wa gazeti lake. Alishika nafasi ya tatu kwa karibu kura 150,000, akarudi kwenye meza yake ya uhariri.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema mwandishi asiguse siasa kabisa. Wote wawili waliufahamu mji kwa majina na sura. White aliweza kumwandika vibaya jirani aliyemsalimia asubuhi. Harding hakuwahi kulizoea hilo akiwa Marion, na Washington hapakuwa mahali pa kuanza kujifunza.