Matete Siyo Uchafu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, nilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria, hapa Mwanza, nikakuta wameshamaliza. Matete yote ya kile kipande ninachokipitia kila wiki yalikuwa yamelala chini, yamekatwa kwa panga, vimebaki visiki vya urefu wa kiganja vimesimama kwenye tope. Katikati ya visiki zimebaki chupa za maji, pampasi na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Vijana waliofanya kazi hiyo walikuwa kivulini wanakunywa soda.

"Shikamoo mzee," mmoja akaniwahi.

"Marahaba. Mbona chupa mmeziacha?"

"Sisi tumeambiwa tusafishe majani."

Sikumlaumu. Neno alilopewa ndilo alilolifanyia kazi, na neno hilo, majani, hapa kwetu limebeba kila kitu cha kijani ambacho hakiliwi, hakiuziki wala hakikupandwa na mtu. Matete ni majani, mafunjo ni majani, gugu maji nalo ni majani. Yote yakatwe, pawe peupe, tupige picha. Ugomvi wangu ni na aliyewatuma, na yeye simtaji, maana hayuko peke yake. Karibu sote tunaamini ufukwe msafi ni ule unaoona maji bila kitu kusimama mbele yako.

Nilifundisha baiolojia miaka mingi, na tangu nistaafu kazi yangu ni kutembea na daftari. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeanzia Mabatini. Mvua ilinyesha usiku wiki iliyotangulia, na kwenye kifusi kilichoachwa kando ya mtaro mgagani ulikuwa umeota bila kuombwa. Nikachuchumaa. Kikonyo kimoja kinabeba vijani vitano vilivyopanuka kama vidole. Shina lina vinyweleo vinavyonatanata ukishika, na ua lake jeupe limetoa nyuzi ndefu nyembamba, utadhani miguu ya buibui aliyepinduka. Harufu yake nayo haijifichi, inabaki mkononi mpaka unapokula.

Mama anayeuza mboga ng'ambo ya barabara alikuwa ananitazama.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Huo wa kwenye kifusi usiule, umekula moshi wa magari. Chukua huu wangu, umetoka Kisesa."

Nikachukua mafungu mawili. Mgagani huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa ili uchungu upungue, kisha ukaungwa kwa karanga au maziwa, na mimi naupenda kuliko kabichi lolote. Lakini huyohuyo mama akiukuta katikati ya pamba yake anaung'oa kwa jembe bila huruma, na ana haki. Gugu ni cheo cha mahali, siyo cha mmea. Mmea mmoja unaweza kuwa gugu saa tatu asubuhi na mboga saa saba mchana. Isipokuwa kiduha. Hicho chenye maua mazuri ya zambarau, kinachonyonya mizizi ya mtama na mahindi chini ya ardhi kabla hata hujakiona juu, sijawahi kupata la kukitetea.

Kutoka pale niliufuata Mto Mirongo kuelekea ziwani. Ukiwa mgeni Mwanza utapiga picha miamba, na miamba yenyewe kweli ni mizuri, nyumba zimepandana juu yake hadi kileleni. Ila mwamba haunywi. Tone likianguka juu ya jiwe huko mlimani halina pa kuzama. Linateremka na kila linachokikuta njiani. Choo kilichojengwa juu ya jiwe nacho hakichimbiki kwenda chini, kwa hiyo mvua kubwa ikija wapo wanaokitapisha usiku, asubuhi kila mtu anajifanya hajui. Baadhi ya mitaa ya milimani imeshaunganishwa na mabomba madogo ya majitaka, na hiyo naihesabu kuwa kazi ya usafi kubwa kuliko mapanga yote ya Jumamosi. Mitaa iliyobaki inamwachia Mirongo, na Mirongo anampelekea ziwa.

(Juu ya jiwe moja pale kulikuwa na mjusi kafiri dume, kichwa na mabega mekundu ya kuiva, mwili wa buluu, anainua na kushusha kifua kama askari anayepewa adhabu. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae. Jina la mji wetu limo ndani ya jina lake tangu 1923, na watoto wanampiga mawe.)

Sasa turudi kwenye matete. Maji ya Mirongo yanapofika ziwani yamebeba udongo, naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea ambayo hakuna aliyeinunua. Zamani yalikuwa hayaingii moja kwa moja. Yalipita kwanza katikati ya mashina ya matete na mafunjo, yakapoteza mwendo, tope likatua chini, mizizi ikachukua mbolea ikaigeuza kuwa majani. Kambare na kamongo walizaliana humo humo. Ukishayafyeka na kuyafukia kwa kifusi, yale maji yanaingia yalivyo. Tukumbuke kwamba maji ya bomba tunayokunywa yanavutwa Capri Point na Butimba, kutoka ziwa hilihili.

Nisieleweke vibaya: kukata matete siyo dhambi. Watu wa kando ya ziwa wameyakata siku zote kwa ajili ya uzio na dari. Aliyeyakata akaondoka nayo amesaidia hata ziwa, kwa sababu ameondoka na mbolea iliyokuwa ndani yake, na mizizi itachipua tena. Kosa ni kuyang'oa kabisa, au kufanya walivyofanya wale vijana, kuyakata na kuyaacha yaozee palepale, mbolea ikarudi majini.

Hatua chache kutoka kwenye visiki upepo ulikuwa umesukuma fungu la gugu maji. Nikavuta moja. Vikonyo vyake vimevimba kama vitunguu vyepesi; ukikipasua kimoja ndani ni sponji iliyojaa hewa, ndiyo maana halizami. Mizizi ni myeusi, laini kama manyoya, na kwenye hiyo niliyoishika kulikuwa na konokono wawili wadogo bapa, nikanawa mikono haraka kwa maji ya chupa, kwa sababu konokono wa kichocho wanapenda sana kujificha humo. Juu ya majani kulikuwa na vidonda vidogo vya kahawia, kama mtu amekwaruza kwa ukucha. Hiyo ni kazi ya mbawakavu.

Mbawakavu hao hawakujileta. Gugu maji, ambalo asili yake ni bonde la Amazon, liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, sehemu kubwa kwa kuteremka na Mto Kagera. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limefunga mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Uganda ilianza kuachia mbawakavu mwaka 1995, Tanzania na Kenya nazo zikafuata. Wanakula gugu maji peke yake, hawagusi mchicha wa mtu. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziwa likawa limefunguka kwa kiasi kikubwa, ingawa mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 nayo yalitoa mchango wake.

Lakini lilirudi, kama tunavyoliona. Mbegu zake hukaa kwenye tope zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Na mwanzoni mwa 2025 magugu yaliziba njia ya vivuko pale Kigongo na Busisi, abiria wakakwama. Safari hiyo kulikuwa na mgeni mwingine ndani yake, salvinia, ambaye kwa kweli ni jamii ya kangaga anayeelea. Hana ua, hana mbegu. Kipande kilichokatika kinatosha kuanzisha zulia jipya. Ukiangusha tone la maji juu ya jani lake linabaki duara kama goroli, kwa sababu jani limejaa vinywele vilivyounganika nchani mfano wa kifaa cha kupigia mayai. Mbawakavu wetu wa zamani hamgusi. Yeye ana mdudu wake mwingine kabisa. Watu wanaolilia mashine za kuvuna nawaelewa, njia ya kivuko lazima ifunguliwe leo, haiwezi kumsubiri mdudu azaliane. Ila ikiwa mashine inatoa tani upande mmoja, na upande wa pili Mirongo anamwaga chakula kila mvua, hiyo ni kuchota maji kwa pakacha.

Tangu Juni 2025 tunavuka juu, kwenye daraja la kilomita 3. Sina neno baya juu ya daraja. Nimewahi kulala Kigongo kwa kukosa kivuko. Nilichoona ni jinsi mazungumzo ya magugu yalivyopoa. Abiria aliyesimama kwenye kivuko kwa saa mbili alikuwa analiona gugu, analinusa, analitukana. Abiria wa daraja anapita dakika chache akiwa anaangalia simu. Mvuvi wa mwaloni bado yuko kule chini nalo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuliko magugu, na halionekani kabisa kwenye siku ya usafi. Ni furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Vijana wengi wa mjini siku hizi wanajua sangara, sato na dagaa, basi. Ziwa hili lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuja kuwachunguza hapa hapa kwenye Ghuba ya Mwanza. Miaka ya 1980 sangara akaongezeka na furu wakatoweka mbele ya macho yao. Hadithi hiyo inajulikana. Isiyojulikana sana ni sehemu ya pili: furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, nyekundu au buluu. Maji yakichafuka kwa tope na mwani, mwanga haupenyi, rangi hazionekani vizuri, jike anakosea, na aina mbili zinaanza kuchanganyika kuwa moja. Kwa hiyo samaki anaweza kupotea bila kuliwa na mtu wala na sangara. Inatosha maji kuwa na giza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imetaja mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisiguswe na shughuli za kuharibu. Mita hizo nimeziona zikihesabiwa kwa haraka sana pale anapotakiwa kuondoka mama anayekaanga samaki. Kwenye kuta za watu wenye uwezo futi kamba huwa inakwama. Na matete, ambayo yalikuwa yanailinda mipaka hiyo bure, mchana na usiku, ndiyo tunayaita uchafu.

Niliwaambia wale vijana haya yote? Hapana. Niliwaomba tuokote chupa pamoja, tukajaza viroba viwili. Yule aliyeniamkia akaniuliza kama chupa zile zinauzika, nikamwelekeza kwa wanaonunua kwa kilo, akafurahi kuliko ambavyo angefurahia mhadhara wangu.

Nimerudi pale wiki tatu baadaye. Visiki vimechipua, machipukizi yamefika karibu magotini. Mnana dume mmoja alikuwa ananing'inia kwenye jani changa, akachana utepe mwembamba kwa mdomo wake, akaruka nao hadi kwenye mti ulioinamia maji. Kandambili ya kushoto bado ipo.