Mnyauko wa migomba: ung'oe shina zima au ukate mgomba mmoja tu?

Mnyauko bakteria ulionekana Uganda 2001, ukafika Kagera 2006, na kwa miaka mingi jibu la bwana shamba lilikuwa moja tu, ng'oa. Mgomba mmoja ukilegea majani na kuwa ya manjano, au ndizi zinaiva bila mpangilio kabla ya wakati na ukiukata mgomba wenyewe unatoka usaha wa njano, basi linatoka shina zima, mama mtoto na mjukuu, unafukia, halafu hapo unakaa kama miezi sita hupandi mgomba, unapanda maharage au viazi vitamu kwanza.

Kiutaalamu hakuna ubaya hapo, maana dawa ya kutibu haipo na bakteria bila mgomba hadumu sana kwenye udongo. Shida ni hiyo kazi yenyewe. We chukua jembe ujaribu kung'oa kisiki cha mgomba uliokomaa, kimoja tu, alafu fikiria bibi wa miaka sabini mwenye kibanja ambacho nusu kimeguswa, na katikati ya migomba kuna kahawa, kila shimo unalochimba unakata na mizizi ya kahawa! Matokeo yake wengi walikuwa wanaficha. Mtu anajua akisema tu shamba linang'olewa, anakaa kimya, anaendelea kukata ndizi na panga ileile, ugonjwa unazidi kutembea.

Ndo maana mimi naielewa ile njia ya pili iliyojaribiwa sana kule Kivu, Congo, ya kukata mgomba unaoumwa tu, usawa wa ardhi, na kuacha wenzake. Watafiti waligundua bakteria haingii kwenye machipukizi yote ya shina moja, hasa kama ugonjwa umepitia kwenye ua kwa wadudu, unachukua muda kushuka mpaka chini, kwahiyo ukiwahi kukata unaweza kuokoa watoto. Shamba linabaki limesimama, unaendelea kula, na hata mama mwenye panga tu anaimudu.

Lakini watu wanasikia "kata mmoja" wanadhani ni kazi ya siku moja. Hapana. Unazunguka shamba kila wiki au kila baada ya wiki mbili, kila unaoonyesha dalili unaondoka, na mwanzoni utaona mingine inaendelea kuugua, hapo ndo wengi wanakata tamaa wanasema njia haifanyi kazi. Panga unalichoma motoni au unalisafisha na jiki kabla hujagusa mgomba mwingine. Ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu ambako wadudu wanaleta ugonjwa, unalivunja kwa kijiti chenye panda, sio kisu, mara tu chane ya mwisho ikitoka. Mbuzi wasiingie. Na yule mchuuzi anayekuja kukata mikungu na panga lake mwenyewe, alilotoka nalo shamba la jirani... huyo usimruhusu kabisa, mpe panga lako.

Kwahiyo kung'oa bado kuna mahali pake. Kama ugonjwa ndo umeingia kijijini na ni mashina mawili matatu, ng'oa umalize. Kama shamba lote limeshaisha pia huna cha kuokoa, ondoa upumzishe ardhi. Ila kwa shamba lililoguswa hapa na pale, kumlazimisha mtu ang'oe yote kwa sheria ndogo na faini naona ni kumfundisha kuficha.

Sasa kwenye kupanda upya ndo kuna hatari haswa. Chipukizi la shamba lililougua linaweza kuwa la kijani kabisa na bakteria iko ndani, kwahiyo shina uliloliokoa likulishe hapohapo lilipo, usichimbe miche ukampelekea shemeji Karagwe. Kuna wanaochovya miche kwenye maji ya moto, ni sawa, ila hiyo inasaidia dhidi ya fukusi, wale wadudu wanaotoboa kisiki, na minyoo ya mizizi, mnyauko haiugusi. Miche ya maabara inaanza safi kweli, lakini haina kinga yoyote, ukiipanda karibu na migomba inayoumwa ikatoa ua, wadudu hawaulizi mche ulitoka wapi, na pesa yako imeenda.