Omba kwanza ratiba ya muhula wa pili

Mzazi akitafuta shule binafsi ya bweni, anaulizia ada, halafu anaulizia daraja la kwanza walikuwa wangapi mwaka jana. Ofisini ataonyeshwa maabara, basi jipya na bango linalosema shule inajali malezi. Sisi tungeomba karatasi moja tu: ratiba ya matukio ya muhula wa pili, ile inayobandikwa nje ya ofisi ya taaluma Julai shule zikifunguliwa. Hali ya watoto imeandikwa humo tarehe kwa tarehe, hata kama aliyeipanga hakuwa na habari.

Muhula wa pili Tanzania ndio uliobeba mzigo. Darasa la saba wana mtihani wao Septemba. Kidato cha pili na cha nne wanaingia kwenye karatasi za NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kati ya Oktoba na Novemba. Kabla ya hapo kuna mtihani wa utamilifu, ambao kila mtu anauita moko, na katikati vimebanwa siku ya wazazi, mahafali, michezo na ziara za mafunzo. Ratiba mbovu utaitambua haraka: moko inaisha, wazazi wanakuja Jumapili, matokeo yanabandikwa Jumatatu. Mtoto anaiona sifuri yake ya hesabu wakati mama ameshapanda basi na hatarudi hadi Desemba. Kugeuza mpangilio huo hakugharimu hata shilingi. Matokeo yatoke kwanza, kila mwanafunzi akae dakika kumi na mwalimu wake wa darasa, ndipo wazazi waje wiki inayofuata wakijua wanakwenda kuzungumzia nini.

Halafu hesabu usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Kwenye shule nyingi prepo, yaani muda wa kujisomea usiku, inaisha saa nne usiku, taa zinazimwa nne na nusu, na kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri. Hizo ni saa 6. Wiki za mazoezi ya mahafali prepo inacheleweshwa kufidia muda, zinabaki 5. Mwanafunzi anayesinzia kipindi cha fizikia anaitwa mvivu, na anaongezewa masomo ya ziada ya alfajiri ili "aamke". Ubongo huyapanga ya mchana mtu akiwa amelala, kwa hiyo ile saa ya ziada inakula sehemu ya kile kilichofundishwa jana yake.

Ukimuuliza mkuu wa taaluma kwa nini kengele ilie saa kumi na nusu, atakwambia ni nidhamu. Muulize matroni, atakwambia ni bafu. Bweni lina wasichana 120 na vyumba vya kuogea 10. Hizo ni zamu 12, kila zamu dakika 8 pamoja na kujaza ndoo, jumla dakika 96. Ili wa mwisho atoke kabla ya paredi, wa kwanza lazima aamshwe usiku. Nusu yao wakiruhusiwa kuoga jioni baada ya michezo, zamu za asubuhi zinashuka hadi dakika 48, na prepo ikimalizwa mapema, taa zikazimwa saa tatu na robo, kengele inaweza kulia saa kumi na moja na robo. Saa 8 zimepatikana bila semina yoyote ya afya ya akili. Kinachokwamisha ni maji ya jioni: tangi hujazwa usiku na kufikia saa kumi na moja jioni limeshakauka, kwa sababu jiko limechota lote. Jiko likiwekewa simtanki yake, jambo limekwisha.

Siku ya wazazi yenyewe ina mambo mawili ambayo mtu aliyesimama getini hayaoni. La kwanza ni watoto ambao hawatapata mgeni. Wapo kila shule: mama anafanya kazi Muscat, mlezi amefariki, nauli ya kutoka Songea haijapatikana. Wiki mbili kabla, mwalimu wa darasa awapigie wazazi wote na kuandika orodha ya safu tatu: anakuja, haji, bado hajulikani. Wasio na mgeni wazungumze na nyumbani kwa simu Jumamosi jioni, wala isiwe Jumapili saa nane mchana wakati wenzao wanafungua hotpoti chini ya miembe. Chakula chao siku hiyo kiwe cha sikukuu na kitoke kwa wakati, maana jiko lina tabia ya kulegea likijua "leo wengi wamekula na wazazi". Anayetaka kazi apewe kazi ya heshima, kupokea wageni au kuwaongoza madarasani, lakini aulizwe kwanza. Wapo wanaotaka kulala tu. Kosa tunalolichukia kuliko yote ni lile la kuwakusanya ukumbini na kuwawekea filamu. Shule nzima inajua maana ya ukumbi huo.

La pili ni tranka, lile sanduku la mwanafunzi. Chipsi kuku zilizoletwa saa sita mchana zinafungiwa humo na kuliwa Jumatatu baada ya prepo. Jumanne foleni ya zahanati inaanzia mlangoni. Ukipiga marufuku chakula, kitaingia ndani ya mfuko wa nguo chafu. Weka kanuni inayofuatika: vikavu, yaani karanga, kashata, biskuti, viingie bwenini, kilichopikwa kiliwe hapo hapo, na kinachobaki geti linapofungwa kirudi na mzazi. Matroni awe na pakiti za ORS za kutosha, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na asisubiri mtoto alegee ndipo amnyweshe. Na usiku wa siku hiyo usiwe na prepo. Kidato cha kwanza watalia, na wanalia vizuri zaidi wakiwa kitandani kuliko mbele ya daftari la jiografia. Jumatatu isiwe na jaribio.

Mahafali ya kidato cha nne huangukia wiki chache kabla ya mtihani wenyewe, na wapo wanaotaka yafutwe kabisa. Kenya walikwenda njia hiyo mwaka 2016, pale Fred Matiang'i, akiwa Waziri wa Elimu, alipopiga marufuku ziara za wazazi, siku za maombi na hafla za zawadi kwenye muhula wa tatu ili kubana wizi wa mitihani. Wizi ulikuwapo kweli. Ila mtahiniwa ni mtu, na muhula mzima bila kumwona baba ni bei kubwa kumlipisha aliyekuwa hana mpango wa kuiba. Sherehe ibaki, ipunguzwe tu. Mazoezi yawe vipindi sita vya dakika 50, vichukuliwe kwenye muda wa michezo, prepo isiguswe. Ngonjera na ngoma wafanye kidato cha kwanza hadi cha tatu. Watahiniwa wajifunze kuingia, kukaa na kupokea cheti, basi.

Sasa pilau. Wageni na wanafunzi 500, kilo moja ya mchele kwa watu 8, ni kilo 63 hivi. Sufuria hazitoshi, kwa hiyo wapishi wanaanza saa sita usiku, na sufuria la kwanza linakaa limefunikwa, vuguvugu, hadi saa nane mchana mgeni rasmi anapomaliza hotuba. Kwenye mchele kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye mbegu zake haziuawi na kuchemka. Zikikaa kwenye uvuguvugu wa saa nyingi zinaamka na kutoa sumu, na sumu ile inayotapisha haiondoki hata ukipasha pilau upya. Ndiyo sababu shule nzima inaweza kutapika usiku wa mahafali huku mpishi akiapa kwamba nyama ilikuwa ya siku hiyo hiyo. Alikuwa anasema kweli. Azima au kodi masufuria zaidi, sufuria la kwanza litoke jikoni saa tano asubuhi, watu wale saa saba, na hotuba ndefu zije baadaye. Mgeni rasmi akichelewa, atakuta watu wanakula. Turubai nalo liwafunike wanafunzi, maana tumezoea kuona meza kuu kivulini na kwaya juani.

Michango ya mahafali ni suala la mzazi na mhasibu. Kusoma majina ya wasiolipa paredini ni kumwadhibu mtoto kwa pochi ya mtu mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo walimu hulisema kwa sauti ya chini, hasa kwenye shule za wasichana: kuanguka mapepo. Mmoja anapiga kelele prepo, kabla hujafika wameshaanguka kumi. Historia ya jambo hili ina ukurasa kutoka kwetu wenyewe. Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya wamisionari huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walishikwa na kicheko kisichokatika. Kikaenea hadi kufikia wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi 18. Wasichana wakarudi makwao, na vijiji kama Nshamba navyo vikaingiwa na kicheko kile kile. Walimu hawakushikwa hata mmoja. Madaktari walitafuta sumu na maambukizi wasione kitu, wakaliita jambo la hofu inayoambukizana kwa kuonana na kusikiana.

Kuonana na kusikiana, hapo ndipo pa kushika. Wa kwanza akianguka, atolewe na watu wawili tulivu, apelekwe chumba chenye hewa, mlango ufungwe. Wengine waendelee na kazi yao na mwalimu abaki nao. Apimwe kama mgonjwa yeyote: joto, malaria kwa kipimo cha haraka, sukari, na aulizwe amekula saa ngapi, maana si kila aliyeanguka ni wa hofu. Wanaoanguka baada yake wasilazwe pamoja wakitazamana. Kinacholikuza jambo ni kuitisha maombi ya shule nzima usiku uwanjani, kila aangukaye akionekana na wote. Sala haina ubaya, familia ikitaka kiongozi wake wa dini aje, amwone mtoto mmoja mmoja, mchana. Kisha, wakishatulia, fungua ile ratiba uangalie wiki mbili zilizopita kulikuwa na nini. Mara nyingi utakuta moko, au tangazo la kurudisha watu darasa.

Kwenye matokeo tutasema kidogo. Januari 2023 NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Shule zetu bado zinabandika orodha kutoka wa kwanza hadi wa 87, na wa 87 anaipita akienda kula mara tatu kwa siku. Kidato cha nne daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, na mtoto mwenye pointi 27 anahitaji kujua ni masomo gani mawili yatamvusha kwenda daraja la tatu, linaloishia 25. Hilo aambiwe kwenye karatasi yake mwenyewe iliyokunjwa.

Mwalimu wa malezi na unasihi, kwenye shule nyingi, ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaweka kikomo cha viboko 4 na kumtaka mkuu wa shule aidhinishe kwa maandishi, na kuna shule zimeachana na fimbo kabisa, lakini popote fimbo ilipo, aliyeishika asubuhi hatafunguliwa moyo jioni. Achaguliwe mwingine, mwenye vipindi pungufu, na chumba chake kisiwe mahali ambapo ili ufike lazima upite mbele ya dirisha la walimu. Afundishwe dalili za kawaida: anayerudisha sahani imejaa, anayeugua kila siku ya jaribio, anayekojoa kitandani ghafla, anayegawa vitu vyake. Kwa huyo wa mwisho aulize waziwazi kama amewaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, na jibu likiwa ndiyo, mtoto haachwi peke yake hata dakika moja hadi afike hospitali na mzazi ajulishwe. Namba 116 ya msaada kwa watoto, isiyo na malipo, iandikwe ndani ya milango ya vyoo, mahali ambapo mtu anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

Zoezi la moto liingie kwenye ratiba, mara moja kila muhula, usiku, bila tangazo. Septemba 2024 bweni la shule ya binafsi ya Hillside Endarasha, Nyeri, liliungua na watoto 21 wakafa. Mwongozo wa usalama wa Kenya wa mwaka 2008 ulikuwa umeshasema vitanda viachane mita 1.2, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo. Chukua futi ya fundi ukapime bwenini.

Tukio la mwisho la muhula huwa halimo kwenye ratiba yoyote: usiku wa karatasi ya mwisho ya kidato cha nne. Madaftari yanachomwa, mashati yanachanwa, deni la miaka minne linalipwa kwa ngumi nyuma ya bweni. Shule zinaita polisi kwa jambo lililoweza kupangwa Julai. Mwandikie mzazi tarehe na saa ya karatasi ya mwisho pamoja na barua ya ada. Tranka zikaguliwe na kufungwa siku moja kabla, magodoro na vitabu vya shule vikabidhiwe asubuhi hiyo, patroni wawili wawe zamu. Watahiniwa wakitoka chumba cha mtihani wakute chakula kiko mezani na basi la kuwapeleka stendi limeshawashwa.