Bendera ya Witiri

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, na joto la Kisauni linakausha koo hata la mtu aliyekula daku sahani mbili kama mimi. Ndege yetu ndogo ilirudi asubuhi kutoka Pemba, na rubani kaandika kwenye daftari maneno matatu tu: bendera ya VOR.

Kwa asiyeijua, VOR ni kituo cha redio cha ardhini kinachomwonyesha rubani uelekeo, na bendera yake haifuati upepo. Ni kipande chekundu, kama ukucha wa mtoto, kinachochomoza kwenye geji ya kuongozea njia. Umeme kidogo kutoka kwenye redio ndio unaokivuta kijifiche, na redio haitoi umeme huo mpaka iridhike na mawimbi inayoyapokea. Isiporidhika, bendera inabaki nje: rubani, mshale huu usiuamini.

Ugonjwa niliupata kabla ya adhuhuri. Konekta ya waya wa antena, kule mkiani, ilikuwa imeota kijani kama sinia la shaba lililosahauliwa stoo. Chumvi ya bahari yetu haina huruma. Nikafunga konekta mpya, nikajisifu kimoyomoyo. Nikachukua kipimo, kile kisanduku kinachorusha mawimbi ya kujaribia, nikaanza na upande wa kutua, ILS. Bendera ikazama, mshale ukakaa katikati kama bibi harusi. Nikahamisha kipimo kwenye VOR.

Bendera ikatoka.

Nikachomoa redio namba moja, nikairudisha, nikakaza kwa ufunguo wa L. Bendera. Nikajaribu redio namba mbili na geji yake, nikiipa masafa yale yale. Bendera! Ugonjwa ukawa wa kuambukiza. Nikaazima geji nzima kwa jirani zetu wa hanga la pili. Nayo, ambayo saa moja kabla ilikuwa salama usalmini, ikanitolea ulimi mwekundu. Hapo nikaanza kujishuku mimi mwenyewe. Kila nilichokigusa kinapandisha bendera.

Dada wa ofisini akapiga simu. "Fundi, wageni wanaondoka kesho saa moja asubuhi. Hiyo bendera imeshashuka?"

"Bado."

"Ya chama gani hiyo isiyoshuka?"

Mlinzi naye akaja na ushauri wake. "Yakhe, hii imesibiwa. Mlete mtu aisomee." Nilimcheka, lakini wallahi nilipofika kufungua mbao za sakafu kufuata waya, nilishaanza kuuliza bei ya ubani.

Laasiri ikapita. Viti nje, mbao nje, bisibisi ya nyota imepotelea chini ya kanyagio. Ndipo akapita Maalim, mzee aliyenifundisha kazi hii, sasa kastaafu, kaja kutafuta lifti ya mjini. Akachungulia ndani, hakugusa kitu.

"Kipimo umeweka ngapi?"

"108.00, Maalim."

"Na redio?"

Nikaitazama. 108.10, vile vile nilivyoiacha tangu nilipojaribu ILS. Redio zote mbili.

Maalim akavua miwani. "Mwanangu, chini ya 112, tarakimu ya kwanza baada ya nukta ikiwa witiri ni nini?"

"Lokalaiza, ile ya ILS ya kushika mstari wa kutua," nikasema, kwa sauti ya mtoto wa chuoni aliyesahau alifu.

"Na moja ni shufwa au witiri?"

Sikujibu. Moja haigawanyiki kwa mbili, ni witiri. Redio ilikuwa imetega sikio mlango mwingine kabisa, tena inasubiri mitetemo ya 90 na 150 ya lokalaiza, na mimi nikiirushia VOR mlango wa jirani. Ilikuwa na haki yote ya kutoridhika. Nikazungusha kitufe kurudi 108.00. Bendera ikazama taratibu, bila haya, kana kwamba haijanitesa saa tatu.

"Sala ya witiri unaijua, redio ya witiri huijui," Maalim akasema, akaenda zake kutafuta lifti.

Adhana ya magharibi ilinikuta kichwa chini ya sakafu. Nilifuturu tende tatu na maji ya chupa, mikono inanuka spiriti, huku nyumbani kaimati zinapoa. Kurudisha viti na mbao kulinichukua mpaka baada ya isha.

Msikitini nilifika tarawehe zinaishia. Imamu akasimamisha witiri, safu zikanyooshwa. Kwenye safu ya mbele mzee mmoja akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona, akaninyooshea kidole kimoja.